Dawa Niliyomtia Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa na jicho moja, na mimi ndiye niliyelimaliza. Naanza na hilo asije mtu akasoma kurasa mbili tatu akidhani huko mbele nitapata pa kujitetea. Nilifundisha shule ya msingi hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, miaka ishirini na tisa. Nimewatia watu Kireno kichwani kwa fimbo na kwa masimango, na katika miaka hiyo yote sikumbuki siku hata moja niliyosema mbele ya mtu kwamba kitu fulani sikijui. Kama kuna pa kuanzia, ni hapo.

Jicho lake la kulia lilikwenda na surua alipokuwa na miaka minne, likabaki jeupe lote. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Mama alinikataza kumwita Chongo, basi nikawa namwita mama akiwa shambani, na watoto wa mtaani wakalidaka jina, likamkaa mpaka alipovunja ungo. Yeye hakuwa mtu wa kulia. Alijifunza kutukana. Akiitwa Chongo alimtazama mtu kwa lile jicho zima, akamtafutia kasoro yake, miguu ya matege, mama mlevi, baba asiyejulikana, akamwambia papo hapo mbele za watu. Ukali ule nilimfundisha mimi, kwa kumwonea, na tulizeeka vivyo hivyo, tukipendana kwa maneno machafu.

Kwa hilo jicho moja alishona kofia. Si za mashine, zile za mkono: kitambaa cheupe, sindano, kitobo kimoja kinazungushiwa uzi, kisha kingine, mpaka maua yanatokea. Kofia moja ilimchukua mwezi na zaidi. Alikuwa akiisogeza kazi usoni mpaka nikamwambia, "Iko siku utajishona kope." Naye hujibu, "Na wewe mwenye mawili umeshona nini?" Mabwana harusi walimjia kutoka visiwani, hata Vamizi, kumwagiza. Mumewe alikufa mapema, na binti yao mmoja alimlea kwa sindano. Jicho lile ndilo lililomlisha, likamvika, na maringo yake yote yalikuwa humo.

Sasa nieleze jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Dawa zetu zinakuja na karatasi ndani ya boksi, imekunjwa mara nane, maandishi ya Kireno madogo kama chawa. Watu wengi wa mtaa wangu wanasema Kiswahili, na Kireno chao ni cha sokoni. Kwa hiyo karatasi huletwa kwa mwalimu. Nimesomea watu karatasi za presha, za minyoo, za kuzuia mimba, nimevaa miwani, wao wamekaa mkekani wananisikiliza. Na dawa ikibaki haitupwi. Huwekwa, na jirani akija kuuliza una ya tumbo, una ya jino, unampa. Kumnyima mtu dawa ni sawa na kumnyima chumvi, atakusema mpaka msibani kwako. Basi mimi nilikuwa na kabati zima, na nilikuwa natibu. Hakuna aliyeniita daktari, lakini nilipenda walivyokuwa wakinyamaza ninaposoma.

Mwaka tulipokimbia vita tukakaa kwa jamaa mjini Pemba, Pemba ya huku Msumbiji, jicho langu la kushoto liliwaka wekundu wa ndani, likawa linauma nikitazama mwanga. Daktari wa macho wa huko akaniandikia matone, kichupa kidogo chenye kifuniko cha pinki. Aliiita dawa ya kotikoide, ya kutuliza wekundu na uvimbe. Alinirudisha kila wiki, akanipima, akapunguza matone polepole, manne kwa siku, matatu, mawili, mpaka nikaacha. Siku ya mwisho alininyooshea kidole akasema dawa hii ni ya jicho lako wewe, na ni ya ugonjwa huu tu. Nikamwitikia vizuri. Moyoni nilimwona ni mtu wa woga mwingi, maana mimi nilikuwa nimepata nafuu tangu siku ya tatu. Kichupa kilichobaki nusu nilikifunga kwenye pindo la khanga nikarudi nacho Palma.

Karatasi yake nilikuwa nimeisoma. Hilo nalo siwezi kulikana. Ilisema dawa isitiwe kwenye jicho lenye ugonjwa wa virusi, na virusi vyenyewe vimetajwa kwa jina, hepesi. Jina hilo nalijua, nilikuwa nikiwatishia wasichana wa darasa la saba wasilale na wanaume. Nikasema, huo ni ugonjwa wa malaya, kwetu haupo, nikaikunja karatasi. Sikujua kwamba vile vilengelenge vinavyomtoka mtu mdomoni akiwa na homa ni watu wa ukoo huo huo. Na mdogo wangu alikuwa akitokwa navyo tangu utoto, kila akiumwa, pembeni mwa mdomo upande wa kushoto. Sisi tunasema homa imetoka nje, tunafurahi.

Tulikuwa tumerudi na kuezeka upya alipougua malaria. Homa ikamtoka mdomoni kama kawaida yake. Wiki iliyofuata jicho likawa jekundu, linachuruzika machozi, akasema ni kama mchanga umeingia na hautoki. Alikuwa na kofia ya bwana harusi mkononi na harusi ilikuwa karibu. Akaja kwangu asubuhi, amejifunika upande wa uso kwa mtandio, akasema, "Dada, nitafutie kitu humo kabatini mwako, nisije nikaaibika."

Sikumuuliza lolote. Nilimlaza mkekani, nikamfungua jicho kwa vidole viwili, nikamtia matone mawili. Siku ya pili wekundu ulikuwa umepungua. Siku ya nne jicho lilikuwa jeupe, zuri, na yeye yuko barazani anashona na kumtukana mpita njia. Aliwaambia majirani, "Dada yangu ana mkono wa dawa. Hao wa hospitali watakupa vidonge vya kichwa hata ukivunjika mguu." Nilifurahi, na wala sikujifanya sikusikia.

Wekundu ulirudi baada ya siku kumi. Nikamtia tena, ukaondoka. Ukarudi. Tukafanya mazoea: asubuhi akishatoka kuteka maji anapita kwangu, analala, natia, ananyanyuka. Jioni anapita tena. Kichupa kilipokwisha nilimpa mkwe wake, mume wa binti yake, anayevuka Ruvuma kwa biashara zake, aonyeshe kichupa kitupu kwenye duka la dawa huko Tanzania aniletee vingine. Akaleta vitatu. Hakuna aliyemuuliza ni vya nani wala vya nini.

Mwezi wa pili wa matone akaanza kulalamika. Alisema uzi anauona mara mbili. Kisha akasema hauoni vizuri, kuna ukungu. Nikamwambia, "Ukungu ni uzee. Una miaka arobaini na saba, ulitaka uone kama mwewe?" Akasema mwanga unamchoma. Nikamwambia ni uvivu, hataki kumaliza kofia za watu. Nilisema hivyo mbele ya binti yake. Alinitazama na lile jicho, machozi yanamtiririka, nikadhani ananilia, kumbe ni jicho lenyewe. Nikaongeza matone, kutoka mara mbili nikaenda mara nne, kama nilivyotumia mimi.

Jambo la kutisha ni kwamba yalisaidia. Kila nikimtia, baada ya saa moja maumivu yalipungua, na yeye mwenyewe alikuwa akinihimiza. "Njoo unitie, dada, hawa wadudu wameanza." Akisema wadudu nilikuwa namcheka.

Siku moja nilimkuta barazani ameshika kofia kichwa chini. Alikuwa ameishona ua zima juu ya ua jingine, vitobo vimepandana. Alikuwa akipapasa kwa kidole gumba, anajua kuna kitu hakiko sawa, hajui ni nini. Nikamnyang'anya nikasema twende hospitali.

Aliyetupokea pale kituoni alikuwa tekniko kijana, tabibu wa pale, mwanafunzi wangu wa zamani wa darasa la nne. Nilikuwa nimemchapa sana kwa jedwali la saba. Alisimama aliponiona, akaniamkia shikamoo mwalimu, akatuletea kiti. Akamulika jicho kwa tochi, akakunja uso. Akamuuliza mdogo wangu kwa Kiswahili, kwa adabu, "Mama, kuna dawa yoyote umeitia humu kabla ya leo?"

Mdogo wangu akafumbua mdomo. Nikamwahi. "Hajatia kitu," nikasema.

"Hata matone, mwalimu? Maana watu siku hizi wanatumia matone ya kuombana."

"Nimekwambia hajatia kitu. Ama husikii bado?"

Akainamisha kichwa kama zamani. Akaandika. Akatupa mafuta ya kupaka, yale ya kuua vidudu vya kawaida, akasema siku ya tatu turudi bila kukosa, jicho lisipobadilika atatuandikia barua ya Pemba. Tulipotoka nje mdogo wangu akaniuliza kwa nini nimemficha. Nikamwambia, "Yule nimemfundisha mimi kushika kalamu. Leo akae anihoji mimi habari za dawa?" Akacheka, akasema kweli, ana masikio makubwa yule. Tukaenda zetu tunacheka.

Siku ya tatu hatukurudi. Mafuta yalikuwa yanamsumbua na matone yalikuwa yanamtuliza, basi nikaacha mafuta nikaendelea na matone. Ningekwenda, angemulika tena na kuuliza tena. Nilimwambia mdogo wangu kwamba kijana yule hajui kitu, tungoje. Tukangoja wiki tatu. Nimezihesabu mara nyingi tangu hapo.

Alipoamka asubuhi moja akasema, "Dada, leo hakujacha?" na jua liko juu ya paa, nilimfungua jicho kwa vidole. Jicho lilikuwa la kijivu katikati, limetoboka kidogo, na maji maji yake yanamtoka. Binti yake alipiga kelele. Mimi nilimwambia anyamaze asitie watu wasiwasi.

Safari ya Pemba sitaieleza. Tulingoja msafara wa askari, tukaenda na msafara, vumbi lote lilituingia, na njia nzima nilimfunika jicho kwa kitambaa safi na kumpigia hadithi za kijinga. Kichupa kilikuwa kwenye mkoba wangu. Sikumtia tena njiani. Nadhani mwili wangu ulishajua kabla ya kichwa.

Daktari wa macho safari hii alikuwa mwanamke, mtu wa kusini, Kiswahili hajui hata neno. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa mdogo wangu, na mimi ndiye niliyekuwa masikio yake. Dotora alimweka kidevu kwenye chombo, akamgusa jicho na kijikaratasi chenye rangi ya chungwa, akawasha taa ya buluu. Kioo cha jicho kikawaka kijani. Aliniita nitazame. Palipotakiwa kuwa na duara safi palikuwa na donda kubwa lenye kingo kama ramani ya nchi, na pembeni yake vijitawi vidogo vidogo vimeenea. Katikati pametoboka.

Akasema ni virusi vya hepesi. Kisha akaniuliza, kwa Kireno, taratibu, kama nilivyokuwa nikiwauliza mimi watoto wezi, ni matone gani ametiwa na kwa muda gani.

Sikuweza kumdanganya yule. Hakuwa mwanafunzi wangu. Nikatoa kichupa mkobani nikakiweka mezani, kifuniko cha pinki juu. Nikamwambia miezi mitatu. Nikamwambia nilikuwa namtia mimi.

Alikichukua kichupa akasoma maandishi yake. Halafu akaniambia, na kila neno ninalo mpaka leo. Alisema wekundu wa jicho ni askari wa mwili wanaopigana. Dawa hii inawalaza askari. Wewe ukaona wekundu umetoka ukafurahi, kumbe umewalaza askari na adui yuko ndani ya nyumba, na kila akitaka kuamka mmoja unamlaza tena. Hepesi peke yake, akasema, angekuja mapema, ningempa dawa ya kuua virusi na angerudi kushona. Haya yaliyomkuta ameyapata kwa mkono wako. Akasema jicho la pili lilishakufa, kwa hiyo unajua umefanya nini, senhora professora. Kazi yangu ya ualimu alikuwa ameiona kwenye fomu niliyojaza mlangoni.

Mdogo wangu alikuwa amekaa na kidevu chake bado kwenye chombo, hajaambiwa anyanyuke. Akauliza, "Anasema nini? Mbona anasema sana?"

Nikamwambia, "Anasema ni virusi. Ni ugonjwa unaokuja wenyewe, ni amri ya Mungu, hakuna aliyeuleta."

"Na yale matone umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Anasemaje?"

Dotora alikuwa ananitazama usoni. Alikuwa anangoja nimalize kutafsiri, akidhani natafsiri. Nikasema, "Anasema yalikuwa mazuri. Anasema hayo ndiyo yaliyokuwezesha kuona mpaka juzi."

Mdogo wangu akashusha pumzi. Akanitafuta mkono, akaupata, akaukamata. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi mwambie ahsante." Nami nikamgeukia dotora nikamwambia, "Obrigada."

Tulilala hospitali wiki tatu. Alipakwa mafuta ya kuua virusi mara tano kwa siku, akameza vidonge vikubwa, akafungwa jicho. Mimi nilimlisha, nilimwogesha, nilimsuka. Wagonjwa wengine walikuwa wanatusifu. Walisema dada mkubwa namna hii ni nadra. Nilikubali sifa zote. Donda lilifunga, na lilipofunga liliacha kovu jeupe jicho zima. Dotora alizungumza juu ya kubadilisha kioo cha jicho kwa cha maiti, labda Maputo, labda ng'ambo, na kwamba hata huko virusi hivi hupenda kurudi. Hilo nalo nilimtafsiria nusu. Alitolewa hospitali akiwa anajua mchana na usiku, basi. Alipovuliwa kitambaa alisubiri kidogo, akageuza uso huku na huku, kisha akaniambia, "Dada, ndiyo hivi tu?" Nikamwambia ndiyo hivi tu.

Tukarudi Palma, basi. Alijifunza nyumba yake kwa mikono. Akawa mkali zaidi. Alimtukana binti yake kwa kusogeza mtungi, alimtukana paka. Kofia zilizobaki alinipa niwarudishie wenyewe, na mimi ndiye niliyekwenda nyumba kwa nyumba nikisema mdogo wangu amepofuka kwa amri ya Mungu. Hakuna mahali nilipoulizwa zaidi. Mimi mwenyewe hakunitukana hata mara moja. Hilo ndilo lililokuwa linanichinja. Miaka arobaini alikuwa akinitukana kila siku, sasa akawa ananiita dada yangu mpenzi. Watu wakija kumpa pole aliwaambia mbele yangu, "Huyu alihangaika na jicho langu kwa mikono yake miwili. Mungu ndiye hakutaka." Nilikuwa nikinywa chai yangu. Nilimchukia kwa kunisifu, na nilimwombea afe kabla hajajua. Nimekusudia kusema yote, na hilo ni mojawapo.

Miezi minane ilipita hivyo.

Msimu wa korosho ulipoanza ukaingia mtaani ugonjwa wa macho mekundu, ule unaozunguka nyumba hadi nyumba. Nilikwenda kwa mdogo wangu adhuhuri na bakuli la mchuzi. Yeye alikuwa barazani mkekani. Binti yake alikuwa ameketi kizingitini, mtoto mgongoni, kichwa amekiinua nyuma, mkono mmoja umefungua jicho lake mwenyewe. Mkono wa pili umeshika kichupa chenye kifuniko cha pinki.

Bakuli lilinidondoka. Nikamwambia aache. Akashtuka, tone likamwangukia shavuni.

"Nini?" akauliza mdogo wangu. "Nini kimevunjika?"

"Mama mkubwa ameangusha mchuzi," akasema binti. "Ananikataza dawa."

"Nimempa mimi dawa," akasema mdogo wangu. "Ni kile kimoja kilichobaki katika vile vitatu, nilikuwa nimekiweka. Nimemwambia atie mara nne, mpaka wekundu utoke. Kwani si ile ile uliyokuwa ukinitia? Dotora mwenyewe aliisifu."

Ningeweza kusema dawa imeharibika, imekaa sana. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, nayo yalikuwa hata ya kweli. Lakini mkwe alikuwa anavuka mto kila mwezi. Angeleta mpya. Na nusu ya mtaa walikuwa na macho mekundu na wote walikuwa wamemsikia mdogo wangu akisifu matone yale. Nilimwambia binti, "Umetia mara ngapi?" Akasema hajatia bado, hilo ndilo tone la kwanza. Nikamwambia ashuke sasa hivi, achukue pikipiki, aende hospitali kwa yule tekniko, na akimuuliza ametiwa nini aseme kweli. Alitaka kubisha. Nikamwambia, "Nenda, dawa hii ndiyo iliyompofua mama yako."

Alinitazama, akamtazama mama yake, kisha akaenda. Tukabaki wawili. Mchuzi ulikuwa umemwagika hadi ukingo wa mkeka, sikuupangusa.

Mdogo wangu hakupandisha sauti. Alisema, "Kaa." Nikakaa. Akasema, "Yule mwanamke aliniambia nini siku ile? Niambie tena. Usiruke neno."

Nikamwambia. Nilimwambia askari, nilimwambia adui ndani ya nyumba, nilimwambia angekuja mapema angerudi kushona. Nilimwambia na lile la mkono wako. Nilitafsiri vizuri, kwa mara ya kwanza tangu tuingie kile chumba. Ilichukua muda mfupi sana. Nikaongeza mwenyewe habari ya karatasi, na ya kwa nini nilimfungia mdomo kwa tekniko, kwamba niliona haya mbele ya mtoto.

"Uliona haya," akasema.

"Ndiyo."

"Mbele ya yule mwenye masikio makubwa."

"Ndiyo."

Alikuwa amenigeuzia uso lakini si sawasawa, alikuwa anautazama ukuta ulio nyuma yangu kidogo. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa, na naapa nilikuwa nayatamani yale matusi kama mtu anayetamani maji. Hakunitukana. Akasema, "Kama lingekuwa jicho lako ungeona haya?" Jibu tulikuwa nalo wote wawili. Jicho langu nililipeleka kwa daktari kila wiki.

Akasema, "Toka kwangu. Usikanyage tena hapa, nikifa usinioshe."

Nikasimama. Nilikuwa nimefika uani, nimeshika mlango wa makuti, aliponiita. Hakuniita dada. Alisema, "Wewe."

Nikageuka.

"Binti hayupo," akasema. "Nipeleke chooni kwanza."

Nikarudi. Nikamnyanyua mkekani, akanishika juu ya kiwiko, akanibana mpaka kucha zikaingia. Tukavuka mchuzi uliomwagika, tukaenda polepole mpaka nyuma ya nyumba, nikamshikia khanga, nikageuza uso, nikangoja.

Macho ya binti yalikuwa ni ule ugonjwa wa kawaida, yalipona ndani ya wiki. Lakini mchana yuko shambani, na mumewe yuko safarini, na nyumba ya karibu ni yangu. Kwa hiyo naenda, kila siku, mara tatu na pengine nne. Hanisalimii wala hanitukani. Ananiambia maneno mawili tu: chooni, akitaka kwenda, na basi, akimaliza.